Ndugu Stanislaus Ntabaye, Aliyetutembeza Nyakivumu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1979, Ndugu Stanislaus Ntabaye anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Misitu kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka kumi na minane ya mwisho ameimaliza katika Msitu wa Hifadhi wa Nyakivumu, kwenye vilima vya nyuma ya Kabanga, akiwa mlinzi wa msitu na kiongozi wa matembezi ya wageni. Kazi ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwenye barua yake ya ajira. Ya pili aliianzisha mwenyewe, na sisi wenzake tulichelewa sana kuiona kuwa ni kazi.

Alizaliwa Kitanga, mtoto wa mrina asali, na alianza utumishi Kibondo, kwenye kitalu cha miche. Alikuwa akimwagilia miche asubuhi na jioni, na kati ya hapo akiwafukuza mbuzi. Anasema mbuzi wa Kibondo ndio waliomfundisha uvumilivu. Huko huko ndiko alikompata mkewe, Mama Esteri, ambaye hadi leo anadai alimkubali kwa kuwa alikuwa mtumishi pekee wa serikali asiyepayuka. Walijaliwa watoto sita, na mmoja wao yuko Idara ya Nyuki, kwa hiyo hatujawapoteza wote.

Alipohamishiwa Nyakivumu mwaka 1961, hakuna mtu aliyekuwa akiingia msituni kutembea. Watu waliingia kukata fito, kurina asali, kuchimba dawa, au kumkimbia mtoza kodi. Ndipo mwalimu mmoja wa misheni akaomba wanafunzi wake waonyeshwe mbega, kwa sababu walikuwa wakiwaona kwenye picha tu na hali wanalala nao kilima kimoja. Ndugu Stanislaus aliwapeleka. Wiki iliyofuata wakaja wengine, kisha masista, kisha akina mama wa UWT, kisha wageni wa mkoani waliotumwa na wale waliotangulia.

Mtu asiyewahi kutembezwa na Ndugu Stanislaus hawezi kujua hasa amekosa nini, lakini tujaribu kumweleza. Mnaingia kutoka kwenye jua kali la mashamba ya maharage, na baada ya hatua chache tu jasho linapoa mgongoni. Juu ni mivule na mikuyu, chini kangaga zinazofika kiunoni, na kila kitu kinatoa majimaji. Hapo anawasimamisha wote na kuwaomba wasiseme neno. Mwanzoni hamsikii kitu. Kisha mnasikia maji chini ya mawe, halafu hondohondo akipiga mbawa zake nzito, halafu mbega wakianza kunguruma, mmoja kilima hiki na mwingine kilima kile. Atawakatia kipande kidogo cha gome la mti mnuse, na hatawaambia ni mti gani mpaka kila mtu awe amenusa. Watoto walimpenda kwa hilo. Watu wazima walikuwa na haraka ya kujua jina, wakilipata wanalisahau.

Siafu nao walikuwa sehemu ya somo, ingawa hakuwaalika. Mwalimu mmoja wa hesabu alisimama katikati ya njia yao akieleza umbo la jani, na alipogundua alikosimama aliacha umbo la jani, akaacha na adabu zote alizofunzwa chuoni. Ndugu Stanislaus aliwageuza wanafunzi waangalie upande wa mto mpaka mwalimu alipomaliza kujikung'uta. Habari hiyo hakuisimulia kwa mtu. Waliosimulia ni wanafunzi.

Kuna jambo moja katika utembezaji wake lililowashangaza wageni wote. Yeye hakutangulia. Mgeni ndiye aliyewekwa mbele, na kiongozi akafuata nyuma. Kwetu Buha, mgeni unayemsindikiza humpi mgongo. Unampisha apite, nawe unamfuata polepole ukimwonyesha njia kwa maneno. Bwana Misitu wa wilaya wa wakati ule alimshauri mara nyingi aache mtindo huo msituni. Ndugu Stanislaus alikubali kwa heshima kubwa, na akaendelea vile vile.

Sasa tufike kwenye safari ya mwezi Machi 1973. Ofisini imekuwa ikizungumzwa kwa minong'ono, lakini mwenyewe ametutaka tuiandike wazi, akisema kwamba mtu aliyekwisha kustaafu hawezi kufukuzwa kazi. Mwandishi wa wasifu huu alikuwepo, amebeba mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Bwana Athuman, mkaguzi wa elimu kutoka mkoani, pamoja na walimu saba. Bwana Athuman alikuwa mtu wa pwani, mwenye mwili na mwenye furaha, na alipowekwa mbele aliona kwamba amepewa uongozi. Akaongoza. Kwenye njia panda yenye mvule ulioanguka, njia ya kulia inateremka kijitoni, na ya kushoto ni njia ya nguruwe mwitu isiyokwenda popote penye heri. Bwana Athuman akashika kushoto.

Ndugu Stanislaus akakohoa. Mgeni hakugeuka. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Bwana Athuman akasimama, akamwuliza kwa huruma kama ameshikwa na mafua, akampa pole, akaendelea na safari. Mtu mwingine angesema hapo hapo kwamba njia si hiyo. Lakini kumwambia mgeni wa heshima mbele ya walimu wake kwamba amepotea ni aibu, na Ndugu Stanislaus alikuwa na hesabu yake: njia itafungwa na miiba karibu, mgeni atageuka kwa hiari, na aibu haitakuwa ya mtu. Hesabu ilikuwa nzuri, ila nguruwe wa mwaka ule walikuwa wengi na njia yao ilikuwa ndefu. Kisha mvua ikashuka, na nyuma yake ukungu mzito uliokuja mpaka kwenye pua zetu. Ulipoanza kupungua, mlinzi wa Nyakivumu alitazama kulia, akatazama kushoto, akanisogelea na kuninong'oneza kwamba hajui tulipo.

Viazi viliisha. Mwalimu mmoja akaanza sala. Bwana Athuman peke yake ndiye aliyekuwa bado anafurahia matembezi.

Ndipo tukamkuta mwanamke ameinama chini ya mkuyu, amejifunga kanga iliyolowa, na kikapu chake kimejaa uyoga. Alipotuona alisimama wima na kikapu kikamwanguka. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Siku zile mtu aliyekutwa akiokota chochote ndani ya hifadhi alifikishwa mahakamani Kasulu. Na kama alikuwa mmoja wa waliokimbia kutoka Burundi mwaka uliotangulia, naye hana karatasi, hapo hapo alipakiwa kwenye lori na kupelekwa makazi ya mbali, mkoa mwingine kabisa. Kumkamata ilikuwa wajibu wa Ndugu Stanislaus, tena mbele ya mkubwa wa serikali.

Lakini kwetu shughuli haianzi kabla ya salamu. Ndugu Stanislaus akapiga makofi yale ya taratibu, akamwambia mwidiwe, salamu yetu ya Kiha. Mwanamke akapiga goti, akaitikia kwa Kirundi, na lugha zetu hizi mbili ni majirani. Akamwuliza habari za nyumbani. Akajibu kwamba nyumbani kumebaki ng'ambo ya mpaka. Akamwuliza habari za mume. Akajifunga upya kanga yake, na Ndugu Stanislaus hakurudia swali. Akamwuliza habari za mama. Akajibu kwamba mama yuko Kabanga hospitalini, amelala mwezi wa pili, hawezi kujilisha, na hana mtu mwingine wa kumpikia. Akamwuliza mama anakula nini. Akasema, “Anakula ninachompelekea, na leo nimempatia uyoga.”

Nilimwona Ndugu Stanislaus akitazama chini. Baadaye aliniambia jambo ambalo sijalisahau: mtu ukishamwuliza hali ya mama yake naye akakujibu kweli, utamkamata kwa mdomo upi? Akainama, akaanza kuokota uyoga na kuurudisha kikapuni.

Bwana Athuman akataka kujua ni nani huyu. Ndugu Stanislaus, mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata kuhusu ruhusa ya ugonjwa, alijibu kwamba ni msaidizi wetu wa upande huu wa msitu, na kwamba ndiye atakayetutoa. Kisha akamgeukia mwanamke na kumwomba kwa Kiha atupeleke Kabanga kwa njia yake. Jina lake lilikuwa Niyonsaba. Alitutoa kwa mteremko mzuri, katikati ya kangaga, tukapita maporomoko madogo ambayo sisi wenye msitu hatukuwahi kuyaona, na Bwana Athuman akapiga makofi kama yuko ngomani. Tulitokea nyuma ya hospitali kabla jua halijazama. Niyonsaba akaaga haraka, akaenda kupika.

Ingeishia hapo kama Bwana Athuman asingekuwa mwungwana. Alipita ofisini kushukuru, akamsifu mbele ya Bwana Misitu yule msaidizi wa kike, akasema idara imefanya jambo la mfano. Bwana Misitu alishukuru kwa niaba ya idara huku akimtafuta Ndugu Stanislaus kwa macho.

Kulikuwa na njia rahisi ya kujiokoa. Angeweza kusema alimkuta mhalifu, akamtumia, na kesho atamkamata. Anayeuguza mtu hospitalini hapotei, angepatikana jikoni kwa ndugu wa wagonjwa. Lakini asubuhi iliyofuata Ndugu Stanislaus aliingia kwa Bwana Misitu, kofia mkononi, akaeleza yote: kwamba alipotea katika msitu wake, kwamba aliogopa kumsahihisha mgeni, kwamba alisema uongo, na kwamba kama kuna wa kuadhibiwa basi ni yeye, kwa sababu yule binti akipakiwa kwenye lori mama yake atakufa na njaa kitandani. Alikuwa na watoto sita na mshahara mmoja, na alijua anachoweka mezani. Mama Esteri anasema alimwandalia uji asubuhi ile na hakuugusa.

Bwana Misitu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yule mwanamke anaijua ile njia au alibahatisha. Ndugu Stanislaus akajibu kwamba anaipita kila siku na chakula cha mama yake. Basi mlete, akasema Bwana Misitu, tuna vibarua wawili wa kufyeka na hakuna hata mmoja anayejua kutokea Kabanga. Kuhusu uongo alimpa onyo la mdomo, na kuhusu kupotea alicheka mpaka akafuta machozi.

Ndivyo Niyonsaba alivyoingia idarani. Alianza kwa kufyeka, akaenda kwenye kujenga madaraja ya magogo, na kufikia mwaka 1975 alikuwa akitembeza vikundi vya akina mama, ambao walimwuliza maswali wasiyoweza kumwuliza Ndugu Stanislaus. Njia ya maporomoko sasa ndiyo inayopendwa kuliko zote. Kwa pamoja waliwashawishi warina asali watundike mizinga pembezoni badala ya kuchoma moto ndani, na wakati wa kuhamia vijijini, watu walipohitaji fito za nyumba mpya, waliwatembeza wazee wa kila kijiji hadi kwenye chemchemi zao ili wajionee wenyewe maji yanatoka wapi. Fito zilikatwa kwingine. Hayo ni mafanikio ambayo idara yoyote ingejivunia.

Mwaka jana, watu wengi wa kwao Niyonsaba walipohamishiwa makazi mapya, hofu ile ya zamani ilirudi, kwa kuwa kibarua si mwajiriwa. Ndugu Stanislaus alifunga safari za Kasulu kwa miguu na kwa baiskeli, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi, akasalimia kila karani kwa ukamilifu. Alikataa kupanga sherehe yake ya kuagwa kabla hajajua mwisho wa jambo hilo, na sisi tuliokuwa na hamu ya kula tulimlaumu. Jibu limefika mwezi huu. Kuanzia tarehe mosi Julai, mlinzi wa msitu na kiongozi wa matembezi wa Nyakivumu, mwajiriwa wa kudumu, ni Bibi Niyonsaba.

Tunamshukuru Mama Esteri kwa kutuazima mumewe miaka yote hii, tena mara nyingi akimpokea amelowa chapachapa. Tunamshukuru Ndugu Stanislaus kwa msitu alioutunza na kwa watu aliowatunza ndani yake. Tulimpenda, na tutamkosa sana.

Kamati ya sherehe ilikuwa imekwisha kuagiza mpishi kutoka mjini. Imebidi tumwombe radhi, kwa sababu mama yake Niyonsaba, Mama Immakulata, ambaye sasa analima maharage yake Titye, ametuma salamu. Anasema atakuja kwa miguu yake mwenyewe, siku moja kabla, na kwamba chakula cha Ndugu Stanislaus siku hiyo kisipikwe na mtu mwingine.

Ndugu Stanislaus, kaa, ule, ushibe. Maisha yako ya Kitanga yawe mema na marefu.

Tharsisi, mlinzi wa msitu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wa Nyakivumu