Mashine Moja, Wagonjwa Wawili: Kumuaga Daktari Optatus Hyera

Tarehe 30 Juni mwaka huu Daktari Optatus Hyera anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na moja ya kutibu watu wa Masasi na Newala. Anastaafu kwa hiari, miaka mitano kabla ya wakati wake. Kadi ya mwaliko inasema anakwenda kupumzika. Sisi tuliofanya naye kazi chumba cha wagonjwa mahututi tunajua kwamba ameshindwa kuendelea, na tumekubaliana tuliseme hilo leo, mwenyewe akiwepo.

Alitoka Mbinga akiwa kijana, akaanzia zahanati karibu na Chiungutwa, akaenda kusoma zaidi, kisha akahamishiwa huku Newala, juu uwandani. Chimakonde alijifunza kwa ubishi. Siku moja alimuuliza bibi mmoja, kwa Chimakonde chake kibovu, anaumwa wapi, bibi akamjibu kwamba anao mbuzi wawili, na dume amekufa. Wodi nzima ilicheka, yeye akacheka kuliko wote. Enzi hizo alikuwa mtu wa kucheka.

Miaka michache iliyopita, msimu wa korosho, tulipokea wagonjwa wawili asubuhi moja. Yunusi, mwalimu kijana, aliletwa na baba yake, Mzee Mohamedi wa Mkunya. Naima aliletwa kutoka Tandahimba akiwa na mtoto anayenyonya. Wote wawili nimonia, wote wawili hawapumui vizuri. Mashine ya oksijeni iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja, na nguvu yake haikutosha watu wawili. Nyingine ilikuwa mbovu tangu kiangazi, na maombi yetu ya fundi hayakujibiwa.

Daktari aliwapima, akawapima tena. Akaniambia, "Dina, mpe mama. Huyu ana nafasi zaidi ya kupona." Naima alipona. Yunusi alifariki kabla gari la kumpeleka Mtwara halijafika. Daktari alitoka mwenyewe kumwambia baba yake, kama alivyofanya kwa kila aliyefiwa, kisha akarudi ndani maana kulikuwa na mgonjwa mwingine kitandani.

Mzee Mohamedi hakulalamika. Kila alipovuna alileta mihogo, akisema ni ya daktari aliyehangaika na mwanawe. Daktari alimshukuru, akatugawia sisi wauguzi. Tulichemsha tukala. Hatukujiuliza kwa nini yeye hakuonja hata kipande.

Mwaka jana mzee alikuja na kiroba chake cha mihogo, nikamkaribisha ofisini.

"Shikamoo, mzee," daktari akamwamkia.

"Marahaba, baba." Akakaa. "Nina swali la siku nyingi. Ile mashine aliyowekewa yule mama, ingemfaa mwanangu?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya.

"Ingemfaa, mzee. Kama ingemponya, sijui. Nilikuwa nayo moja, nikachagua."

Mzee alitazama chini. "Kumbe ulichagua," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshapumzika, daktari. Nilishajua ni Mungu."

Akainuka, akaaga kwa adabu. Kiroba alikiacha. Hakuja tena.

Baada ya hapo daktari aliomba likizo fupi. Akaulizwa na wakubwa, "Wewe ukipumzika, nani atatibu?" Akaendelea kutibu. Mikono ilikuwa thabiti, lakini kila alipomaliza kuongea na ndugu wa marehemu alisimama nyuma ya jengo la kufulia, ameegemea ukuta, na sisi tukapita kama hatujamwona. Tulidhani ndiyo heshima. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa kiti akamwambia, "Na wewe, unaendeleaje?" Leo tumempa kitenge, ngao ya mbao na keki.

Tunakushukuru, Daktari, kwa Naima na kwa wengi wanaotembea leo sokoni bila kujua jina lako. Tunakushukuru pia kwa Yunusi, ingawa tunajua shukrani hiyo huipokei.

Nilipomuuliza angependa niandike nini, alifikiri, akasema, "Andika chochote. Usiandike tu kwamba nilizoea."

Basi naandika: hakuzoea. Nenda salama Mbinga, Daktari. Tunakuombea siku njema, na usingizi.

Muuguzi Dina, kwa niaba ya wenzako.