Mgomba Uitwao Nyangeta

Mwaka ule tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kwenye basi la Butiama kwenda Bunda, mama mmoja alipakata chipukizi la mgomba lililofungwa kwa gunia lililolowa. Mzee aliyekaa naye alilinusa. "Hii ni ndizi kisukari, mama."

"Sisi tunaitaga Nyangeta," mama alijibu, akitazama vilima vikipita polepole kama ng'ombe walioshiba. "Ni mama mkwe wangu. Ndiye alinipa."

"Yeye alikuwa anaitaje?"

"Jina la aliyempa. Mgomba unaitwa jina la aliyekupa."

"Ndiyo maana hamuelewanagi sokoni," mzee alisema. "Kwetu Kibara kisukari ni kisukari."

Mama alifunika gunia vizuri. "Nyumba ya mama mkwe wamebomoa jana. Kaburi lake limebaki kule peke yake."

Tulipoanza kuona mabati ya Bunda, mzee aliligusa lile gunia. "Lakini ni kisukari," alinong'ona. Na mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilijua ni kisukari, nikaangalia dirishani.

Basi liliposimama, mama aliinuka, akamgeukia mzee. "Mgomba ukizaa, baba, njoo nikupe chipukizi."

"Nitaliitaje?"

"Wankyo. Ndiyo mimi."

Akashuka taratibu, amemkumbatia mama mkwe wake.