Bi Mwamvua na Samaki wa Zubeiri

Jumanne, tarehe 30 Juni, Bi Mwamvua Tahiri anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuchanja watoto katika zahanati yetu ya Chumbageni. Nusu ya Tanga imelia mikononi mwake, na baadhi ya waliolia sasa wanamletea watoto wao.

Tangi la samaki lililoko chumba cha kusubiri ni lake. Alilileta ili watoto wasahau sindano, lakini waliosahau kilichowaleta ni wazazi, kwa kuwa kila aliyelitazama alipewa somo. Samaki hunya humo humo wanamoishi, na uchafu wao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwenye sponji ya chujio wamejaa bakteria wasioonekana. Kuna wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu; kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara kidogo, na hiyo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Sponji hiyo haioshwi kwa maji ya bomba, maana klorini huwaua bakteria. Husuuzwa kidogo kwa maji ya tangi lenyewe, ikaachwa na rangi yake ya matope. Hafidh wa mapokezi analijua somo hili kwa moyo, na hajawahi kufuga hata kuku.

Elimu hiyo Bi Mwamvua aliipata kwa mumewe, marehemu Zubeiri, fundi wa mafriji, aliyekuwa na tangi kubwa zaidi sebuleni kwao Nguvumali. Zubeiri alifariki ghafla miaka sita iliyopita. Wanawake walijaa nyumbani kama ilivyo kwetu, wakapika, wakafua, wakasugua kila kitu. Mama mkwe, Bi Tabia, alisema tangi la mwanawe halishiki mtu mwingine. Alimwaga maji yote akatia mapya, akaikamua sponji chini ya bomba mpaka ikatakata, akampelekea mjane chumbani aione.

"Tazama, mwanangu. Nimemsafishia vitu vyake."

"Ahsante, mama," alijibu Bi Mwamvua.

Baada ya siku chache samaki walianza kuhemea juu ya maji. Bi Mwamvua, akiwa edani, aliwaona kupitia mlangoni. Dawa aliijua. Angetuma neno moja tu kwetu, tungempelekea kipande cha sponji ya zahanati na bakteria wake hai. Hakulituma, maana Bi Tabia angeuliza ni cha nini.

Walipokwisha wote, bibi huyo alikuja kuketi kando yake.

"Hata hawa wamemfuata bwana wao."

"Ndiyo, mama. Wamemfuata."

Tangu hapo, kila hitima ya Zubeiri, Bi Tabia aliwasimulia wageni habari hiyo, na ilimfariji sana. Na huyu dada yetu, asiyeweza kumwacha mzazi akakosea juu ya chujio, alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Bi Tabia alifariki Rajabu iliyopita. Bi Mwamvua aliporudi kazini ndipo alipotueleza, na akawalilia samaki wale kwa mara ya kwanza, na mumewe pamoja nao. Tulikaa naye mpaka zahanati ikafungwa.

Ahsante, dada yetu, kwa mikono yako myepesi na kwa masomo tusiyoyaomba. Mungu akujaalie afya na mapumziko marefu. Na ukitaka kulia, lia. Nyumbani kwako hakuna tena wa kumficha.