Kitabu cha Kifaranga

Kijiwe cha Hashimu muuza kahawa kiko Mafiga, nyuma ya fundi baiskeli, na benchi lake halijawahi kukalisha mtu aliyekosa jibu. Jioni hiyo wingu lilikuwa limeulalia mlima, na Sufiani alikaa mwisho wa benchi hilo, koti kalibana. Wote walijua kisa chake. Masika iliyopita udongo uliporomoka kule Uluguru ukamfukia dada yake kwenye migomba, na binti wa marehemu, Shamsia, akaambiwa mama kaenda Ngerengere. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Bibi wa mtoto anamsubiri Sufiani amwambie ukweli, na Sufiani anasubiri sijui nini. Leo Editha, mwalimu wa Shamsia, kampa kitabu cha picha amsomee mtoto. Sufiani alikitoa kwenye koti, akakiweka kati ya vikombe, akajuta papo hapo.

Wa kwanza kukidaka alikuwa Maneno, aitwaye Breki kwa kuwa mdomo wake hauna.

BREKI: Kifaranga analia machozi! Tangu lini?

Aliyemjibu ni Profesa, mlinzi mstaafu wa chuoni Mzumbe, aliyerudi na miwani na jina hilo.

PROFESA: Mama yake kachukuliwa na mwewe, huoni? Hiyo ni elimu ya hisia. Mtoto anatazama picha, anajua hii huzuni, hii hasira, huu woga.

BREKI: Woga sisi tulifundishwa kwa fimbo, bila picha.

HASHIMU: Na mpaka leo mkeo akikohoa unatoka nduki.

SUFIANI: Mwalimu anasema Shamsia hachezi. Kengele ya mapumziko ikilia anakwenda getini, anakaa anatazama barabara.

BREKI: Sasa hicho kitabu ndo kitammaliza! Mtoto akishajua kulia, leo atamlilia mama, kesho pipi, akikua analilia ubunge. Nchi nzima inalia, nani atalima?

PROFESA: Tena wanaochapa hivi vitabu ndo wenye viwanda vya leso. Fanyeni utafiti.

HASHIMU: Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo ficha, Sufi. Ficha tu.

PROFESA: Umeigeuza methali kichwa chini, wewe! Ya kusema hapa ni mficha maradhi...

Akaishia hapo.

Sufiani aliujua mwisho wa methali ile. Ni yeye aliyemchimbua dada yake, kwa jembe la kupandia magimbi. Udongo haukumtisha siku ile, lakini mtoto wa darasa la kwanza anamtisha mpaka anachelewa makusudi kurudi nyumbani.

SUFIANI: Nikimwambia, hana mama. Sasa hivi bado anaye. Yuko Ngerengere.

BREKI: Basi msogeze mbali kidogo. Sema kahamia Dodoma.

PROFESA: Dodoma treni inafika. Sema Uarabuni, kanyang'anywa simu.

BREKI: Au tafuta mwanamke anayefanana naye, umvishe kanga za marehemu, apite barabarani kwa mbali, apunge mkono!

Hata Hashimu alimtazama vibaya.

Ndipo Shamsia akatokea kwenye kona, kidumu cha mafuta ya kula mkononi, katumwa na bibi yake dukani.

— Shikamooni.

— Marahaba, — wakaitikia wote, haraka mno.

Alikiona kitabu. Akaweka kidumu chini, akafunua mpaka kwenye ukurasa wa machozi, akaweka kidole juu ya kifaranga.

— Mjomba, huyu anajua mama yake harudi?

— Anajua, — Sufiani akasema.

— Nani alimwambia?

Breki alikisogeza kidumu kisipigwe teke. Profesa alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati chafu. Hashimu aliinamisha birika kwenye kikombe, halikutoa kitu.

— Bibi nimemuuliza, — mtoto akasema. — Kasema wewe ndo unajua.

Sufiani alisogea kwenye benchi, akampisha. Shamsia akakaa, akakirudisha kitabu mpaka ukurasa wa kwanza, akakiweka mapajani kwa mjomba wake, akasubiri, kama alivyozoea getini.