Nimesoma na Nimekubali

Benchi lile liko kwenye kona, kati ya kibanda cha fundi kufuli na kibanda cha fundi simu, nalo limesimama kwa miguu mitatu na tofali moja. Hapo ndipo Shangazi anapotua birika lake la kahawa kila alasiri, na hapo ndipo dunia inapotengenezwa upya mpaka kahawa iishe. Wenye benchi ni watatu. Wa kwanza ni Kitasa, fundi kufuli, mtu wa ibada, ambaye hajawahi kumfungulia mtu mlango bila kumhoji mpaka mwenye nyumba akajuta kupoteza ufunguo. Wa pili ni Betri, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishapata kikombe kimoja anaongea mpaka jioni bila kuchajiwa tena. Wa tatu ni Wakili, dereva mstaafu. Sheria aliisomea kwenye baraza la mahakama, alipokwenda kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi, na kesi ikaahirishwa na kuahirishwa hadi mbuzi mwenyewe akafa. Ijumaa hiyo Kitasa alikaa katikati yao, kompyuta mapajani, kidole kikining'inia hewani juu yake kama mtu anayeogopa pasi ya moto.

— Hicho kidole kinangoja nini? Shangazi aliuliza, akimimina.

— Kinangoja dhamiri, Betri akajibu kwa niaba ya mwenye kidole. Tangu juzi. Ameambiwa bonyeza, anasema hawezi, ni uongo.

— Uongo gani tena?

Kitasa alimgeuzia kioo. Chini kabisa ya maandishi madogo kama sisimizi waliopanga foleni palikuwa na kitufe kimoja cha kijani, kimeandikwa: *Nimesoma na nimekubali.*

— Sijamaliza kusoma, Kitasa alisema. Na niliyoyasoma, mengine sikuyakubali. Sasa nibonyezeje, Shangazi?

Habari ya kitufe hicho benchi lote lilikuwa nayo. Kitasa ana mdogo wake anayeishi mbali, na ndugu hao hawakuwa wakizungumza. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye harusi ya dada yao. Kitasa ndiye aliyekuwa mshereheshaji, mdogo wake akasimama kutoa nasaha, nasaha zikarefuka, chakula kikaanza kupoa, na Kitasa, Mungu amsamehe, akamzimia maiki katikati ya sentensi. Watu wakacheka. Mdogo wake akakaa chini, na tangu siku hiyo hakumtumia kaka yake hata salamu.

Ndipo mwezi huu likaja sanduku. Lilikuwa kubwa, linang'aa, limechorwa lori likipanda mlima, na limeandikwa kwa dhahabu: *Toleo Kamili.* Ni mchezo wa kompyuta, wa kuchezwa na watu wawili ndani ya lori moja, kila mtu akiwa kwake: mmoja anaendesha, mwingine anasoma ramani. Juu yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko ambao Kitasa angeutambua hata gizani: *Ijumaa saa kumi na moja jioni nitakuwa ndani ya lori. Endesha wewe. Mimi nitakuonyesha kona.* Walipokuwa wadogo walikuwa na gari la waya, Kitasa akilisukuma, mdogo wake akikimbia mbele na kupiga kelele, kona, kona, shimo.

Kitasa alishapanga atakaloliomba humo ndani ya lori. Kuomba msamaha huku macho yako yako barabarani ni rahisi kuliko uso kwa uso, na ni rahisi mara kumi kuliko kwenye simu, ambako ukinyamaza kidogo tu mwenzako anadhani umekata.

— Mimi lile sanduku nililipima kwa mkono, Wakili alisema. Nikasema humu kuna diski tano. Kufungua, hamna hata moja. Kuna kishikio cha funguo, kuna stika, na kuna kikaratasi cha namba.

— Namba za kwenda kujiandikishia kwenye duka lao la mtandaoni, Betri akafafanua. Ufungue akaunti, upakue mchezo, halafu upakue na marekebisho ya huo mchezo uliokwisha kuupakua. Bando lote la wiki limekwenda na maji.

— Mimi nikimuuzia mtu kufuli, Kitasa alisema taratibu, nampa kufuli na funguo zake. Simpi kikaratasi cha kumwambia nenda kwa fulani ukajieleze, akikuridhia atakuonyesha kufuli lako.

— Halafu daraja, Betri akamkumbusha. Mweleze Shangazi habari ya daraja.

— Daraja gani?

— Kwenye mchezo kuna mto. Ng'ambo ya mto ndiko kwenye safari zote nzuri. Daraja halimo. Daraja ni nyongeza, linauzwa mbali.

— Na sanduku limeandikwa toleo kamili?

— Kamili bila daraja.

— Wahenga walisema, Wakili akaingilia, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Hapo linaingiaje?

— Linaingia. Hao hawakuziba ufa, sasa wanakuuzia ukuta.

Betri alisogeza kikombe chake, dalili kwamba chaji imepanda.

— Nyinyi mnadhani watakomea kwenye daraja? Mwaka kesho watauza matairi. Baada ya hapo barabara yenyewe, kwa mita. Breki wataziuza baada ya ajali. Mwisho utafungua lako toleo kamili, utakuta kiti cha dereva na anga, na anga nalo limefungwa mpaka ujiandikishe.

— Mimi kahawa yangu haina masharti, Shangazi alisema. Unakunywa, unalipa, unakwenda kwenu.

— Ukitaka kuendelea, Shangazi, itabidi ubadilike. Kikombe kiwe toleo la kawaida. Sukari iwe nyongeza.

Shangazi alimtazama Betri kwa muda, kisha akalivuta kopo la sukari upande wake na kulifunika. Betri, aliyekuwa amenyoosha kijiko, alibaki amekishika.

— Nilikuwa natoa mfano, Shangazi.

— Mfano mzuri.

Kitasa hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye sisimizi wake, midomo ikienda polepole. Ofisini kwake, yaani kwenye kile kibanda cha mabati, neno *ndiyo* lilikuwa na uzito. Mtu akija akisema nimefungiwa nje, nyumba ni yangu, Kitasa humuuliza rangi ya mapazia. Ukishakubali jambo usilolijua, mama yao alikuwa akiwaambia, umempa mtu mwingine ufunguo wa mdomo wako.

— Umefika wapi? Wakili aliuliza.

— Ibara ya kumi na tisa. Ile ya tisa ilinikalisha jana yote. Inasema sikupewa mchezo. Nimepewa ruhusa ya kuutumia ukiwa kwao, na wakiamua kuiondoa ruhusa, wanaiondoa.

— Kwa hiyo mdogo wako amekutumia nini?

— Ruhusa.

— Kisheria hiyo inaitwa zawadi ya kuonyeshwa, Wakili alisema. Lakini acha nikusaidie, maana saa inakwenda. Bonyeza kwa kiwiko.

— Kwa kiwiko?

— Sheria inatambua kidole. Kidole ndicho chenye alama, ndicho kinachotia sahihi. Umeona wapi mtu akichukuliwa alama za kiwiko? Kiwiko hakijasoma, na hakijasema kimesoma.

— Kiwiko ni changu, Wakili. Siku ya hesabu kitanishuhudia pamoja na viungo vingine.

— Basi lala.

— Nilale?

— Sinzia hapa hapa. Sisi tukushike mkono, tubonyeze. Aliyelala hana kosa. Wahenga wamesema, aliyelala usimwamshe.

— Ukimwamsha utalala wewe, Betri akamalizia.

— Ndiyo hivyo. Tutalala sisi, dhambi itakuwa yetu, na sisi tumeshazoea.

Kitasa alitikisa kichwa. Jua lilikuwa limeanza kuteremka kwenye mabati ya ng'ambo, na mwangaza ulimpiga kwenye kioo mpaka akalazimika kukikinga kwa kofia. Haikubaki nusu saa.

— Kuna jambo hamlijui, Betri alisema, na alishusha sauti hata Shangazi akainama. Yale masharti hayakuandikwa yasomwe. Ni mtego. Kule makao makuu kuna chumba, ndani yake kuna taa moja. Ile taa huwaka mtu akisoma kweli. Ilikuwa haijawahi kuwaka tangu duka lifunguliwe. Juzi Kitasa alipoanza kusoma imewaka, na sasa hivi wakubwa wote wamekimbilia chumbani, wanaulizana, ni nani huyu, anataka nini.

— Na wakimpata? Shangazi aliuliza.

— Wanaongeza ibara. Ndiyo maana hamalizi. Anasoma huku, wao wanaandika kule.

Kitasa aliinua macho kutoka kwenye kioo.

— Hilo si mzaha. Ibara ya kumi na nane inasema wanaweza kuyabadilisha masharti wakati wowote bila kunijulisha.

Betri mwenyewe alionekana kuogopa, maana alikuwa amezoea kusema mambo yasiyokuwa kweli.

— Jamani, Kitasa alisema, sauti ikiwa chini. Mimi sifanyi ukaidi. Yule ataingia mle saa kumi na moja, atakaa kwenye kiti cha abiria na ramani yake. Dereva hayupo. Injini imezimwa. Atangoja, atangoja, halafu atasema, kumbe kaka yangu ni yule yule. Itakuwa nimemzimia maiki mara ya pili.

Hakuna aliyemtania. Shangazi alilifunua kopo la sukari, akamtilia vijiko viwili bila kuulizwa.

Ndipo alipotokea dada mmoja aliyevaa sare za uuguzi, amechoka, mkononi ana kufuli kubwa na kipande cha ufunguo kimekatikia ndani.

— Habari za hapa. Fundi nani?

— Ndiye huyu, Wakili alisema. Ila leo yuko kizuizini. Kaa kwanza, dada.

Dada alikaa ncha ya benchi, upande wa tofali. Alielezwa yote kwa pamoja, kila mtu akimsahihisha mwenzake: sanduku lisilo na diski, daraja la kuuzwa, kiwiko, chumba chenye taa. Alisikiliza akiligeuza kufuli lake. Walipomaliza aliuliza, kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa kama amekula:

— Na huyo mdogo wako, yeye alibonyeza?

Wakili alisema, kisheria, kisha hakusema kingine. Wote walimgeukia Kitasa, na Kitasa akaitazama karatasi ya mwandiko ule kana kwamba jibu lingekuwa upande wa nyuma. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka machicha.

— Si mlilelewa na mama mmoja? dada aliongeza.

— Mmoja.

— Namba yake ya simu huna?

— Ninayo.

Saa kumi na moja ilikuwa imeshafika. Kitasa alifunga kompyuta nusu, akaitoa simu, akaifuta kioo kwenye suruali ingawa haikuwa na vumbi. Aliitafuta ile namba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Iliita. Iliita tena.

— Kaka, sauti ikasema upande wa pili, haraka haraka, kabla ya salamu. Usinikasirikie. Najua umo ndani unaningoja. Sijaweza kuingia.

Kitasa alisimama, akakaa.

— Kwa nini hujaweza?

— Yale masharti. Tangu nikutumie lile sanduku nayasoma, usiku nikitoka kazini. Nimefika ibara ya kumi na moja. Lakini hii ya tisa, kaka, hii ya tisa wewe uliikubali?

Kitasa alitaka kujibu, kikamtoka kicheko. Kilimtoka kwa nguvu hata machozi yakamlenga, na aliyafuta kwa ule mkono ulioshika kofia. Upande wa pili nako kulikuwa na mtu anacheka, anajaribu kunyamaza, anashindwa.

— Mama alituharibu, mdogo wake alisema.

— Alituharibu kabisa. Mimi niko ya kumi na tisa. Sijaingia popote.

— Basi lori liko tupu.

— Liko tupu. Na hata tungeingia, daraja halimo.

Kitasa aliona barabara ya kutazama haipo. Palikuwa na mabati ya ng'ambo, na watu wanne wanaojifanya kuchunguza kufuli.

— Siku ile ya harusi, alisema. Ulikuwa hujamaliza.

— Nilikuwa nimebakisha kidogo.

— Nilikosa. Hata kama chakula kilikuwa kinapoa, nilikosa mimi.

Simu haikusema kitu, na Kitasa hakukata.

— Nisomee, akasema mwishowe. Hayo masharti. Macho yangu yamechoka na sisimizi. Soma wewe, mimi nisikilize, tumalize pamoja, halafu tutajua kama tunakubali.

— Nianzie ya kumi na mbili?

— Anzia ya kwanza.

— Ni marefu, kaka.

— Najua.

— Utanikatiza.

— Sikukatizi.

Shangazi alikuwa ameshalichukua birika aende akachemshe jingine, lakini alisimama pale pale. Wakili aliinua kidole kutaka kutoa maelezo ya kisheria, Betri akamshusha mkono. Kitasa alilipokea kufuli la yule dada, akavuta koleo yake ndogo mfukoni, na simu akaiweka katikati ya benchi.

Upande wa pili mtu alikohoa kusafisha koo, vile vile alivyokohoa siku ya harusi.

Kitasa akaongeza sauti mpaka mwisho.