Mzee Marudio: Miaka Ishirini na Tisa ya Kutazama Mara Mbili

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha malalamiko ya wachezaji, ambaye jengo zima linamwita Mzee Marudio, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni. Nimetaja na saa kwa sababu yeye mwenyewe aliiulizia. Hataki kuondoka dakika tano kabla ya wakati, na mlinzi wa getini ameshaapa kwamba hatamruhusu kubaki dakika tano zaidi.

Alianzia ghorofa ya chini, kwenye meza ya malalamiko ya majokofu. Enzi hizo kampuni yetu ilipokea simu za wateja wa viwanda mbalimbali, naye alikuwa kijana mwembamba mwenye mwandiko mzuri na subira isiyo ya kawaida. Mteja akilalamika kwamba jokofu lina kasoro, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba azungumze na mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo. Wakubwa waliona anapoteza muda. Lakini ndivyo alivyogundua kwamba jokofu moja lililorudishwa kiwandani mara tatu kwa kutikisika halikuwa na ubovu wowote. Mama mkwe wa mlalamikaji alikuwa ameweka kipande cha ubao chini ya miguu ya mbele ili mlango ujifunge wenyewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, anasema nyumbani mambo ni hayohayo. Watoto wao wawili walipogombana, kila mmoja alitakiwa kueleza kisa kama mwenzake alivyokiona. Binti yao sasa ni wakili na analaumu malezi.

Miaka kumi na miwili iliyopita kampuni ilipata kazi mpya: kusikiliza malalamiko ya watu wanaocheza mchezo wa risasi kwenye mtandao. Timu mbili za watu watano watano, kila mtu kwao, hedifoni masikioni, wanawindana kwenye vichochoro na maghala ya mji wa kubuni. Anayepigwa risasi hurudi raundi inayofuata. Wazee wenzake wote waliinamia karatasi zao mkuu wa kampuni alipouliza nani ataichukua. Yeye akanyoosha mkono. Ripoti yake ya kwanza bado tunayo, na tumeiweka kwenye fremu karibu na mashine ya chai. Inasema: “Marehemu alirejea uwanjani baada ya sekunde kumi akiwa na hasira.”

Tulicheka, lakini alijifunza haraka kuliko vijana. Malalamiko yalikuwa ya kila aina: wanaotumia programu za wizi kuona nyuma ya kuta, wanaotukana, wanaokimbia mechi katikati na kuwaachia wenzao mzigo, wanaompiga risasi mwenzao wa timu kwa sababu tu kawahi silaha nzuri. Mashine ilitoa takwimu na kupendekeza adhabu. Yeye hakuiamini hata siku moja. Alitazama kila rekodi mara mbili, kwanza kwa macho ya mshtakiwa, kisha kwa macho ya mshtaki, na jina la Marudio likamganda. Ni yeye aliyeanzisha utaratibu wa kushikilia lalamiko kwa saa moja kabla ya kulipokea, ili mwenye hasira apate nafasi ya kulifuta. Karibu theluthi hufutwa. Ni yeye pia aliyewasumbua watengenezaji mpaka wakaweka kitufe cha kumshukuru mpinzani baada ya mechi. Waliona ni jambo la kitoto. Leo hubonyezwa mara nyingi kuliko kitufe cha kuripoti matusi, na ninyi mnaocheza mnajua ninachosema.

Sasa nieleze jambo ambalo yeye hataki lielezwe. Aliposikia mimi ndiye ninayeandika wasifu huu, alinitazama juu ya miwani na kutikisa kichwa. Samahani, Mzee. Leo huna mamlaka.

Miaka sita iliyopita, kabla sijaajiriwa hapa, nilikuwa mchezaji. Timu yetu ilikuwa na mimi, binamu yangu, muuguzi mmoja, mwokaji mikate mmoja, na mtu wa tano tuliyemjua kwa jina la Sindano tu. Wanne tulikuwa tunazungumza bila kupumua. Sindano hakusema neno hata moja. Tukipiga kelele aje upande wa kulia, yeye alibaki palepale akipiga risasi ukutani, tena ukuta mtupu. Tulipotolewa kwenye nusu fainali ya ligi, damu ilinichemka. Niliandika lalamiko kwamba Sindano anatuhujumu kwa makusudi, nikawashawishi wenzangu watatu waliunge mkono. Saa moja ya kupoa ilipita. Sikulifuta.

Lilimfikia Mzee Marudio. Alitazama rekodi mara mbili, kama kawaida yake, hedifoni masikioni. Akasikia watu wanne wakimsihi mwenzao. Akamwona mwenzao huyo hageuki, anamaliza risasi kwenye matofali. Hukumu yake ilikuwa fupi: Sindano afungiwe maisha.

Siku tatu baadaye ilikuja rufaa. Sindano aliandika kwamba yeye ni fundi cherehani na ni kiziwi tangu utotoni. Hakuomba huruma. Alisema kwamba maisha yake yote watu walimweka pembeni kwa upole, na kwamba timu ile ndiyo ya kwanza iliyowahi kumhitaji, au ndivyo alivyodhani. Aliomba jambo moja, rekodi itazamwe bila sauti.

Mzee alivua hedifoni na kuziweka kwenye droo. Jirani yake wa meza anasema chai yake ilipoa na utando ukatanda juu. Bila kelele zetu, aliona kilichokuwa kikiendelea. Sindano alikuwa anasoma vivuli chini ya milango na vumbi kwenye pembe za vichochoro, vitu ambavyo sisi wenye masikio hatukuwa tukivitazama. Karibu kila alipopiga risasi ukutani, adui alitokea hapohapo baada ya sekunde mbili tatu. Mara kumi na moja kati ya kumi na nne. Alikuwa anatuonyesha. Mzee akafukua na mechi zetu za nyuma, na kwenye ile ya kwanza kabisa akakuta maandishi madogo kwenye kona ya skrini: “Mimi sisikii. Nitapiga ukuta pale adui alipo.” Hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma. Tulikuwa tunaongea.

Desturi ya ofisi wakati ule ilikuwa kurekebisha makosa kimyakimya. Akaunti inafunguliwa, mhusika anatumiwa mstari mmoja, basi. Mzee alikataa. Alimwandikia mkuu wa kampuni kwamba mtu aliyechafuliwa mbele ya timu nzima hawezi kusafishwa chemba, na kwamba anataka msamaha wenye jina lake usomwe na wachezaji wote kumi wa mechi ile. Mkuu wetu tunayempenda, na ambaye anayasoma haya, aliogopa kwamba kila aliyefungiwa angekuja kudai wake. Baada ya siku nne alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba mwenye kukiri kosa kubwa namna ile hawezi kuendelea kuongoza kitengo. Mzee akasaini. Kwa mwaka mzima alikaa kwenye meza ya kawaida pamoja na wageni wa kazi, chini ya mtu aliyemfundisha mwenyewe. Hakununa hata siku moja. Mkuu naye, kwa heshima yake, baadaye alimrudishia cheo mbele ya watu wote.

Sisi wanne hakutuadhibu. Alituandikia akituomba tucheze mechi tatu bila sauti. Tulikubali tukinung'unika. Ya kwanza tulichakazwa. Ya pili binamu yangu alimpiga muuguzi risasi mbili na hawakusalimiana wiki nzima. Ya tatu tulifungwa pia, ila tulianza kutazama kuta. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Sindano alikuwa amefunguliwa, lakini hakuonekana. Kila jioni nilipofungua mchezo jina lake lilikuwa la kijivu. Siku tisa. Tulijua tumempoteza na tulijua ni nani aliyempoteza. Siku ya kumi jina likawa la kijani. Tulimwandikia msamaha mrefu, mwokaji akaongeza wake mrefu zaidi. Jibu lilikuwa la maneno mawili: “Tazameni kuta.”

Tulizitazama. Msimu ule tulimaliza wa tatu na Sindano akawa nahodha, cheo anachokishikilia hadi leo. Mzee kwa upande wake alipigania kitufe cha alama, kile kinachoweka doa jekundu pale adui alipo, ili asiwepo mtu wa kupoteza risasi zake ndipo aeleweke. Wanaosikia na wasiosikia wanakitumia sawasawa.

Miaka miwili baadaye niliomba kazi hapa. Nilipoingia kwenye usaili nikamkuta yeye mezani, na jina langu lilikuwa kwenye jalada analolijua vizuri. Aliniuliza elimu yangu, anwani yangu, na kama naweza kukubali kuonekana nimekosea. Nikajibu kwamba nimeshaanza mazoezi. Akaandika kitu, na Jumatatu nikaanza kazi. Miaka minne nimekaa meza ya pili kutoka kwake, na hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba mshtaki wa kesi iliyomvua cheo ni mimi. Ninalisema mwenyewe leo kwa sababu nimechoka kuonekana mwema kwa gharama yake.

Kanuni za kitengo zinamkataza mfanyakazi kucheza mchezo anaousimamia. Kwa hiyo siku niliyoajiriwa niliiacha timu, na nafasi yangu imekuwa ikizibwa na wapita njia. Kwa kanuni hiyohiyo, Mzee Marudio ametazama maelfu ya mechi bila kufyatua hata risasi moja. Kuanzia tarehe mosi Julai kanuni haimhusu tena. Sindano ameniletea ujumbe niuweke humu: nafasi ya tano haijazwi na mpita njia tena, ni ya Mzee, na mechi ya kwanza ni Jumamosi saa nne asubuhi.

Mzee wetu, asante kwa kila rekodi uliyoirudia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu pamoja na Mwalimu na wajukuu. Na Jumamosi, utakapojikwaa kwenye ngazi, ukampiga risasi muuguzi na kuipotezea timu mechi nzima, ujue kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayekushtaki.