Tairi za Ulaya za Mzee Hezekia

Basi la kutoka Mombo lilipanda kona za Soni likikoroma. Yunis, aliyechoka kuuza kabichi tangu asubuhi, alisinzia nyuma ya wazee wawili wasiojuana.

"Tairi zenye chapa ya duka la ushirika?" alicheka Hezekia, mwenye gari la mizigo. "Ndugu yangu, lile ni duka la chumvi na viberiti!"

"Lori langu la chai linatembelea hizo hizo," alijibu Severin, kwa sauti ya mtu aliyebishana sana maishani. "Hazina sifa, lakini zinafika. Wewe umefunga zipi?"

"Za Ulaya. Nilinunua kabla ya Uhuru."

"Zingali na meno?"

"Zimekuwa kipara, nyuzi zinachungulia. Lakini jina linasomeka vizuri!" Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Severin alishusha pumzi. "Na breki zinajua kusoma?"

"Utasikia Jumapili. Nateremsha kwaya ya Gare hadi Mombo."

Usingizi ulimruka Yunis. Basi liliposimama Soni, alijitwika kapu lake tupu, akasita kando ya Hezekia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa kwaya ya Gare."